Malindi, Arabuko mpaka kando ya Sabaki kwa baiskeli: kilomita 120 siku moja yawezekana?

Swali:

"Shikamoo fundi. Niko Malindi, mtaa wa Shella, nina miaka 31 na baiskeli ya mtumba ya gia 21, tairi zake ni za upana wa inchi 2.1. Tuko wanne tunataka kufanya mzunguko mkubwa siku moja: tutoke Malindi tushike Gede, tuingie msitu wa Arabuko tutokee Jilore, alafu Kakoneni, tufuate njia za kando ya mto Sabaki mpaka Lango Baya, turudi Malindi kwa barabara kubwa. Simu yanambia ni kilomita 120. Tulijaribu mwezi wa pili tukatoka saa 12 asubuhi, mchanga wa msitu ukatushinda, tukasukuma baiskeli mpaka basi, mimi nikakazwa na misuli na goti la kulia likaniuma kwa mbele, na maji tuliyobeba lita 2 kila mtu yakaisha saa 5. Rafiki yangu anasema kosa ni upepo, ati tairi zijazwe ziwe ngumu kama jiwe. Mwengine anasema tungekunywa madafu tu misuli isingekaza. Na mjomba wangu wa miaka 52 ataka kuja pia, anaendesha kila siku kwenda kazini lakini anakunywa dawa za presha. Ndovu nao wananitisha. Je, hii safari yawezekana kwa siku moja au tunajidanganya?"

Jibu:

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kujaribu, maana wengi huku wanapita Gede kila wiki kwa matatu na msitu wenyewe hawajaukanyaga hata siku moja. Swali lako limenifurahisha kwa sababu umeeleza mpaka saa maji yalipoisha, na hiyo saa 5 ndo imenieleza karibu kila kitu. Umeuliza tairi, umeuliza madafu, umeuliza ndovu, lakini ukiangalia vizuri shida yako ni moja tu: mlipanga safari kwa kilomita, na huku kwetu safari hupangwa kwa masaa. Kilomita 120 za lami na kilomita 120 za mchanga si kitu kimoja kabisa, hata kama simu inaziandika sawa.

Tupige hesabu pamoja kwa njia yako mwenyewe. Malindi mpaka kituo cha msitu cha Gede tuseme kilomita 17, ni lami, asubuhi hakuna joto, mkienda 20 kwa saa mmefika ndani ya dakika 50. Msituni tuseme 25 mpaka mtokee Jilore, na pale ukipata wastani wa kilomita 9 kwa saa wewe umefanya vizuri sana, hizo ni masaa 2 na dakika 45. Jilore, Kakoneni mpaka Lango Baya kwa vijinjia vya kando ya mto tuseme 30, vumbi na mawe na mchanga tena, kilomita 11 kwa saa, masaa mengine 2 na dakika 45. Zinabaki 48 za kurudi, lami, lakini mshachoka na upepo wa bahari wa mchana unawapiga usoni kwa sababu mnaelekea mashariki, weka 16 kwa saa, masaa 3. Jumla masaa 9 na dakika 20 za kukanyaga pedeli tu. Ongeza pancha mbili, ongeza kula, kulipa getini, swala ya adhuhuri, kungojana, hayo ni masaa mawili na nusu bila hata kuzembea. Ukitoka saa 12 asubuhi unaingia Malindi saa 12 jioni kasoro dakika 10, jua linazama. Yaani kila kitu kiende sawa ndo ufike na mwanga, cheni ikikatika mara moja tu uko gizani. Kwa hiyo kuwezekana yawezekana, lakini haina nafasi ya kosa hata moja, na safari isiyo na nafasi ya kosa mimi siiiti mpango.

Sasa mchanga, maana hapa ndo mlipopotezea siku yenu. Ule msitu si kitu kimoja. Upande wa Gede, karibu na bahari, ni msitu mchanganyiko, utaona mibambakofi na miti mingine minene, chini mchanga wa rangi ya kijivu lakini una majani na mizizi inayoushika, unaendesheka. Ukiingia katikati unakuta mirihi, miti mirefu iliyoachana, mwanga mwingi, pazuri kweli kweli, na chini ni mchanga mweupe umeoshwa na mvua miaka na miaka hauna kitu cha kuushikanisha. Hapo ndo mlisukuma, bila shaka. Ukipita hapo, upande wa magharibi miti inakuwa mifupi imesongamana, ni mifunda, na udongo unageuka mwekundu. Ule mwekundu kiangazi ni mgumu na unateleza mbele vizuri, lakini mvua ikipiga unageuka ulimbo. Ukishajua haya, miti yenyewe inakwambia mapema: ukiona mirihi inaanza, shusha gia kabla hujafika mchangani, usingoje baiskeli izame ndo ubadilishe.

Na rafiki yako wa tairi ngumu kama jiwe anakwambia kitu cha lami, kwa mchanga ni kinyume chake. Angalia hivi. Wewe na baiskeli na maji mizigo tuseme kilo 90, gurudumu la nyuma linabeba zaidi ya nusu, kama kilo 54. Huo uzito unakaa juu ya kile kipande cha tairi kinachogusa chini, na ukubwa wa hicho kipande unaamuliwa na upepo uliomo ndani. Ukijaza PSI 60, PSI ndo kipimo cha upepo wa tairi, inagusa chini kama sentimita za mraba 13, yaani kama vidole viwili vya mkono. Ukishusha mpaka 30 kile kipande kinakuwa maradufu, kama 26, uzito ni uleule lakini umetandazwa. Ni sawa na mtu aliyevaa viatu vya kisigino chembamba na mwenye ndara, wote wapite ufukweni uone nani anazama. Tairi ngumu inachimba, ikichimba inasukuma kilima kidogo cha mchanga mbele yake, na wewe unakuwa kila saa unapanda mlima usioisha. Miguu yako haikuwa dhaifu, ilikuwa inapanda mlima huo.

Kwa tairi zako za 2.1 zenye tyubu, na wewe ukiwa na kilo 70 hivi, lami nenda na 40 mpaka 45, ukifika kituo cha Gede simama shusha, nyuma 30 mbele 26. Usishuke zaidi ya hapo ukiwa na tyubu maana ukigonga jiwe au mzizi rimu inaibana tyubu unapata pancha ya matundu mawili yaliyopangana kama meno ya nyoka. Wenye tairi zisizo na tyubu, zile zinazotiwa maji ya kuziba, wanaweza kushuka mpaka 22 bila shida, na miiba ya migunga huko Kakoneni haiwasumbui sana, lakini kubadilisha ni gharama na rimu nyingi za mtumba hazikubali, kwa hivyo usikope pesa kwa ajili hiyo, tyubu na pampu ndogo yenye kipimo zinatosha. Jilore mkitoka, kando ya mto kuna mawe, rudisha nyuma 35. Inachosha kupampu mara tatu kwa siku lakini ni dakika 5, na kusukuma baiskeli mchangani kunakula saa nzima.

Alafu namna ya kuendesha. Kaa kwenye siti, usisimame, rudisha uzito nyuma kidogo, mikono iwe legevu, usukani uache ucheze wenyewe usipigane nao, na macho yaangalie mita 10 mbele, usiangalie gurudumu. Kanyaga laini bila kurusha nguvu ghafla, breki ya mbele sahau kama ipo. Pembeni pa njia penye majani makavu pana nafuu kuliko alama za gari. Nendeni ufukweni Malindi maji yakitoka, muanze mchanga mbichi msogee pole pole mpaka mkavu, siku tatu nne hivi, mtaona mwili unajifundisha wenyewe.

Na huo mchanga mbichi ndo unanileta kwenye mwezi wa pili. Kwani kwa nini ukingo wa maji baiskeli inapita na hatua 20 juu inazama, na mchanga ni uleule? Maji kidogo yanashikanisha punje, zikikauka kila punje inajiendea. Mwezi wa pili ni katikati ya kaskazi, jua kali, hakuna mvua wiki na wiki, mchanga wa mirihi unakuwa kama unga wa muhogo. Mlichagua mwezi mbaya kabisa, na nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe mara ya kwanza nilipita mwezi wa tatu na tairi nimejaza 65, nilisukuma karibu saa mbili na nilipotoka upande wa pili nilikuwa sina nguvu hata ya kufungua chupa. Ngojeni mwezi wa 7 mpaka wa 9. Masika yameisha, kusi inavuma, joto limepungua, manyunyu ya hapa na pale yanashika mchanga. Kama imenyesha mvua kubwa siku mbili zilizopita ahirisheni, ule udongo mwekundu utajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu lisizunguke na mtabeba baiskeli begani.

Kuhusu mto kuna jambo watu wa Malindi wenyewe hulisahau. Sabaki haingoji mvua yetu. Ule mto ni Athi na Tsavo zilizokutana zikawa Galana, sisi huku chini ndo twauita Sabaki, Athi inatoka juu upande wa Nairobi na Tsavo inapata maji ya Kilimanjaro. Kwa hiyo Lango Baya jua linawaka, vumbi linaruka, na mto unapanda kwa sababu ya mvua iliyonyesha bara siku zilizopita. Ukiona habari za mafuriko bara, njia za chini kabisa kando ya mto ziacheni, pitieni barabara ya juu. Na msivuke mto kwa miguu hata kama mwenyeji anavuka mbele yenu, yeye anajua alipokanyaga jana na nyinyi hamjui.

Tuje maji. Lita 2 kutoka saa 12 mpaka saa 5 ni masaa matano, maana yake kila saa ulikunywa kama mililita 400. Mtu anayefanya kazi ngumu kwenye joto la pwani anaweza kutoka jasho la lita nzima kwa saa, na msituni ni vibaya zaidi kwa sababu hakuna upepo na hewa imejaa unyevu, jasho linatiririka tu bila kukauka, na jasho lisipokauka halipozi mwili. Basi kufika saa 5 ulikuwa na deni la lita kama 3, kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni zaidi ya asilimia 4 ya uzito wako, na mwili huanza kulegea ukishapoteza kama asilimia 2. Usichukue maneno yangu tu, jipime: panda mizani kabla ya kuendesha saa moja juani, endesha, jifute jasho, panda tena. Kila kilo iliyopungua ni kama lita moja, ongeza na ulichokunywa njiani, hicho ndo kiasi chako wewe, na kila mtu ana chake.

Kwa misuli kukaza, wataalamu wenyewe bado hawajakubaliana, lakini linaloonekana wazi ni kwamba misuli iliyochoka kuliko ilivyozoea hukaza kwanza, kupungukiwa na maji na chumvi kunaweza kuongezea. Kwa hivyo dawa kubwa ni mazoezi, na ile tairi ngumu ilikuwa imeshakuchosha kabla. Madafu sasa. Madafu nayapenda na njiani nayanywa, lakini yana potasiamu nyingi na chumvi ya sodiamu kidogo, na jasho linachukua zaidi ile sodiamu, ndo maana shati lako likikauka lina ramani nyeupe. Madafu peke yake hayarudishi ulichopoteza. Nywa dafu ukitaka, na ule kitu chenye chumvi. Kwenye chupa moja tengeneza yale maji ya chumvi na sukari ya nyumbani: lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi, usizidishe chumvi. Kuna kosa la upande wa pili pia, mtu akiogopa kiu anakunywa maji matupu lita baada ya lita, damu inakuwa nyepesi, kichwa kinauma, anatapika, vidole vinavimba, na wenzake wanamlazimisha anywe zaidi wakidhani ni kiu. Kunywa kadiri ulivyojipima, usishindane.

Bebeni lita 3 kila mtu mkiingia msituni, ndani humo hakuna duka. Jilore na Kakoneni mtajaza tena. Maji ya mto msinywe hata mkitia dawa, yale matope yanavificha vijidudu dawa isivifikie. Maji ya bomba tunayokunywa Malindi yanatoka hukohuko Baricho kando ya Sabaki, lakini yanachotwa kwenye visima vilivyochimbwa mchangani, mchanga unayachuja kwanza, ni kitu tofauti na kuchovya chupa mtoni. Na kula: mahamri na mbaazi alfajiri, kitafunio bora zaidi sijakiona, alafu kila nusu saa kitu kidogo mfukoni, tende, kashata, ndizi, viazi vitamu vya kuchemsha. Ukingoja njaa umeshachelewa.

Mtu mmoja akianza kusema maneno yasiyoeleweka, anayumba, au anakuwa mkali bila sababu, ngozi ina moto, hata kama bado anatoka jasho, hiyo si uchovu, joto limemwingia na linaua. Mlazeni kivulini, mvueni shati, mmwagieni maji yote mliyonayo mumpepee kwa nguvu hapohapo wakati mwengine anatafuta gari la hospitali. Mpozeni kwanza, msipoteze dakika 20 mkingoja gari mkimwangalia.

Goti kuuma mbele mara nyingi ni siti iko chini sana au gia nzito, na kwako nahisi ni vyote viwili. Egemeza baiskeli ukutani, kaa, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unatakiwa unyooke kabisa bila nyonga kuinama upande. Ukiweka sehemu pana ya mbele ya unyayo goti litabaki limekunjika kidogo, hapo ni sawa. Ingeuma nyuma ya goti ningekwambia siti iko juu. Panda sentimita nusu nusu, usirukie. Na uzungushe pedeli haraka kwa gia nyepesi, mizunguko 80 hivi kwa dakika, hesabu goti moja linavyopanda kwa sekunde 15 ukipata 20 uko sawa. Ukishafanya hivi wiki tatu na bado linauma, au likivimba, likikwama, likikuamsha usiku, acha kuuliza mafundi wa baiskeli, nenda kwa daktari au mtu wa fiziotherapi alishike kwa mikono.

Ndovu. Una haki ya kuogopa, na woga wako utumie vizuri. Arabuko kuna ndovu, na baiskeli ina hatari moja ambayo gari haina, haina sauti, unaweza kukata kona ukajikuta mita 15 kutoka kwa mama na mtoto wake. Kwa hiyo hamwingii wenyewe. Mnafika kituo cha Gede, mnalipa, mnachukua mwongozaji wa msitu anayeendesha baiskeli, mmempanga siku kadhaa kabla na mmemwambia mnataka kutokea Jilore, maana ule msitu una fensi ya umeme na hamwezi kutokea popote tu. Yeye anajua asubuhi ile ndovu wamelala wapi, anasoma mavi na matawi yaliyovunjwa. Mkikutana na ndovu njiani simameni mbali, kimya, msipige kengele wala simu ya picha, rudini mlikotoka. Msijaribu kumpita kwa kasi. Ndovu anakimbia kilomita 25 kwa saa na zaidi, wewe mchangani unaenda 8. Ikibidi acheni baiskeli. Na kabla hamjakutana na yeyote, mkiwa mnaendesha pigeni stori kwa sauti ya kawaida inayosikika, mnyama akusikie mapema aondoke, wengi wakisikia watu huondoka wenyewe.

Mimi kusema kweli kando ya mto naogopa zaidi kuliko msituni. Kiboko anatoka jioni kula majani na anarudi alfajiri, na ukisimama kati yake na maji umemfungia njia ya nyumbani. Saa 10 na nusu jioni muwe mshaachana na vijinjia vya mtoni, mko kwenye barabara kubwa. Mamba hamumwoni, kwa hiyo hakuna kunawa miguu mtoni, hakuna picha ukingoni. Mkitaka kushuka karibu muulizeni mama anayechota maji pale, msalimieni kwanza vizuri, mtu wa pale anajua wiki hii ni wapi pana shida. Na kama kuna anayewaza kuendelea na mto mpaka Sala Geti aingie mbuga ya Tsavo, mwambieni hapana, huko ni simba na baiskeli hairuhusiwi.

Basi mfanye nini? Mimi ningekuwa wewe ningeanza na mzunguko mfupi, Malindi, Gede, msitu, Jilore, alafu mshike lami ya kurudi Malindi, ni kama nusu ya ule mkubwa, mko nyumbani kabla ya alasiri, na sehemu ngumu kuliko zote mmeipita. Kama mmetoka msituni kabla ya saa 5 na maji yamebaki, mko tayari kwa mkubwa. Kama saa 7 bado mko kwenye mirihi mnajua jibu bila mtu kuwaambia. Baada ya hapo ule mkubwa ufanyeni siku mbili, mlale Kakoneni au Lango Baya, mtafute nyumba ya kulala mapema kwa simu au kwa mwenyeji mnayemjua, na siku ya pili asubuhi, jua likishachomoza, mnaendesha kando ya mto likiwa bado laini, ndege wamejaa, watoto wanaenda shule. Ukiupita mchana na roho juu hata huuoni mto wenyewe. Najua siku moja ina sifa yake ya kuhadithia, sikatai, na mwezi wa 8, tairi ziko sawa, nyote mmeendesha kilomita 80 au 90 za vumbi angalau mara mbili kabla, mnaweza. Ila wekeni saa ya kukata: kama saa 6 na nusu mchana hamjatoka Kakoneni, mnarudi Malindi kwa lami, na hilo mkubaliane mkiwa nyumbani, mkingoja kulijadili njiani mwenye kiburi zaidi ndo ataamua.

Vifaa sisemi mengi. Tyubu 2 kila mtu, nyote saizi moja mkiweza, viraka, pampu, kifaa cha kutoa pini ya cheni na kiungo cha akiba, kipande cha tairi kuukuu cha kuwekea ndani tairi ikichanika, taa hata kama hamtarajii giza, ramani iliyopakuliwa kwenye simu kwa sababu mtandao msituni unapotea. Na mtu mmoja Malindi awe na karatasi yenye saa: saa ngapi mtakuwa Jilore, saa ngapi Kakoneni, na asiposikia mpaka saa ngapi ampigie nani.

Nimemwacha mjomba mwisho kwa sababu yeye ndo ninayemfikiria zaidi. Miaka 52 si kitu, wapo wa 60 wanaowaacha vijana hapa. Ila presha si ugonjwa mmoja na dawa zake si moja. Zipo zinazokojoza maji, mtu anaanza safari ameshapungukiwa. Zipo zinazoushikilia moyo usipige haraka, akitegemea saa ya mkononi ya kupima mapigo ya moyo imwambie anachoka itamdanganya, na akishuka kwenye baiskeli ghafla anaweza kuona kizunguzungu. Zipo zinazofanya potasiamu ibaki mwilini, na huyo akimimina madafu matano kwa sababu rafiki yenu amesema ni dawa ya misuli anaweza kujidhuru moyo. Hata ile chupa ya chumvi na sukari kwake inataka kuulizwa kwanza. Asiache dawa siku ya safari ati ziko nzito, hapo ndo hatari yenyewe. Aende kliniki yake na pakiti za dawa mkononi, wiki kadhaa kabla, aseme wazi: nataka kuendesha baiskeli masaa 7 juani, dawa hii inanifanya nini, ninywe nini, presha yangu ikiwa ngapi nisiende. Apimwe na moyo kama hajapimwa. Wakimruhusu aje kwenye ule mzunguko mfupi kwanza, na siku hiyo yeye ndo aweke mwendo, nyinyi mkae nyuma yake. Na njiani kifua kikimbana, au maumivu yakishuka mkono au taya, au pumzi ikakata bila mlima, hapo safari imeisha kwa wote, gari litafutwe saa hiyohiyo, hata akisema ni gesi tu.